Kapteni Joubert: Askari wa Papa Aliyejifunza Vita Upya Ziwani Tanganyika

Muhula uliopita, katika somo la falsafa ya maadili, tulifika kwenye swali la Mtakatifu Thomas wa Akwino juu ya vita vya haki. Masharti matatu tuliyakariri bila shida: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema. Ugumu ulianza pale mwenzetu mmoja, mtoto wa Kigoma, alipouliza ni vita gani hasa tunavyozungumzia. Je, ni vita vya majeshi mawili yanayokutana uwanjani bendera zikipepea, au ni vile vya watu wanaoingia kijijini usiku, wakachoma nyumba, wakachukua watoto na kutoweka kabla ya alfajiri? Masharti ni yale yale, lakini askari aliyeandaliwa kwa vita vya kwanza hajaandaliwa kwa vya pili, na aliyeandaliwa kwa vya pili anaweza kufagiliwa siku moja na vya kwanza. Kengele ililia kabla hatujamaliza. Tulitoka tukibishana hadi mezani.

Ndipo tukamkumbuka Kapteni Joubert. Jina lake si geni kwa waamini wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, hasa wale wa Karema na wale wenye ndugu ng'ambo, Kongo. Anatajwa pamoja na Mapadre Weupe wa kwanza, pamoja na katekista na tabibu Adrian Atiman, na mara nyingi hadithi inaishia hapo: Mzungu mcha Mungu aliyepigana na wafanyabiashara wa watumwa. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Tumejaribu hapa kuyasimulia maisha yake kwa kuliangalia swali la mwenzetu, kwa sababu Joubert alivipigana vita vya aina zote mbili, na vyote viwili vilimfundisha kwa gharama.

Ludovic Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, kijiji cha magharibi ya Ufaransa karibu na mto Loire. Mahali pa kuzaliwa pana maana. Ng'ambo ya mto ule ndiko wakulima wa Vendée walikoinuka mwaka 1793 kuitetea imani yao dhidi ya serikali ya mapinduzi. Hawakuwa jeshi. Walipigana nyuma ya ua za mashamba, walirudi nyumbani kuvuna, wakatoka tena. Serikali iliwajibu kwa vikosi vilivyochoma vijiji na kuua hata wanawake na watoto. Watoto wa eneo lile walikua wakisikia habari hizo kutoka kwa babu na bibi, kama watoto wa Kusini mwa nchi yetu walivyosikia habari za Majimaji.

Mwaka 1860, akiwa na miaka kumi na minane tu, Joubert alijiunga na vijana wa Kifaransa na Kibelgiji waliokwenda Roma kulitetea Dola la Papa Pius IX. Jeshi la Papa lilikuwa chini ya Jenerali Lamoricière, na habari ya jenerali huyu inatufaa sana. Lamoricière alijipatia sifa yake Algeria, katika vita virefu dhidi ya Emir Abd el-Kader, vita vya kuvizia na kufukuzana jangwani na milimani. Ndiye ambaye Abd el-Kader alijisalimisha kwake Desemba 1847. Alipopewa jeshi la Papa, alifanya kama alivyozoea: aliyatawanya majeshi katika miji mingi ya Dola, akitazamia maasi ya ndani na vikundi vya Garibaldi. Kilichokuja Septemba 1860 hakikuwa vikundi. Lilikuwa jeshi kamili la mfalme wa Piemonte, lenye mizinga na wapanda farasi, lilivuka mpaka na kusonga mbele kwa haraka. Lamoricière hakuwahi kuwakusanya watu wake wote. Tarehe 18 Septemba, pale Castelfidardo, jeshi lake lilivunjwa kwa muda wa saa chache, na kabla ya mwisho wa mwezi mji wa Ancona ulikuwa umeanguka. Joubert alikuwa mmoja wa wale vijana wa Castelfidardo. Huo ndio ulikuwa ubatizo wake wa vita: kumwona jenerali hodari akishindwa kwa sababu alijiandaa kwa vita vingine.

Masalia ya vijana wale ndiyo yaliyounda kikosi cha Wazuavu wa Papa. Jina lenyewe lilitoka Algeria, kwa kabila la milimani ambalo Wafaransa waliandikisha askari wao wa kwanza humo. Joubert alikaa katika kikosi hiki miaka kumi na kupanda hadi ukapteni. Kazi yao nyingi katika miaka ile haikuwa vita vikubwa hata kidogo. Mipaka ya kusini ya Dola ilijaa majambazi waliojificha milimani, wakiteka watu na kudai fidia, na Wazuavu walipelekwa huko katika vikosi vidogo vidogo kuwawinda, wakilala vijijini na kutegemea habari za wakulima. Vuli ya mwaka 1867 vikundi vya Garibaldi viliingia kutoka kaskazini, na mwisho wake ukawa mapigano ya Mentana tarehe 3 Novemba, ambako Wafaransa walikuja kusaidia na bunduki zao mpya. Halafu, tarehe 20 Septemba 1870, jeshi la Italia lilifika mbele ya Roma na mizinga mizito. Ukuta karibu na Porta Pia ulitobolewa asubuhi moja. Papa alikuwa ameagiza pasiwe na umwagaji damu zaidi ya ule wa kuonyesha kwamba mji unachukuliwa kwa nguvu. Bendera nyeupe ilipandishwa, na Wazuavu walirudishwa makwao.

Joubert alikuwa na miaka ishirini na minane, kapteni wa dola lisilokuwepo tena. Alirudi kwao. Miaka kumi iliyofuata tunaipita haraka, maana yeye mwenyewe hakuifanya kuwa na makuu.

Huku Afrika mambo yalikuwa yanasonga. Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, alikuwa ameanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, na mwaka 1878 alituma msafara wa kwanza kuelekea Maziwa Makuu. Januari 1879 mapadre wake walifika Ujiji. Wasomaji wa Ujiji wanajua mji wao ulivyokuwa: mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, soko la pembe na la watu, mahali ambapo Burton na Speke walifika 1858 na Stanley akamkuta Livingstone 1871. Liwali wakati ule alikuwa Mwinyi Heri, aliyekuwa akiutambua ukuu wa Sultani wa Zanzibar. Mapadre waliona haraka kwamba hawangeweza kukaa pale na kuwakomboa watumwa mbele ya macho ya wauzaji, wakaenda kaskazini, Rumonge, katika Burundi ya leo. Mei 1881 wawili kati yao na msaidizi mmoja mlei waliuawa huko.

Msaidizi mlei, maana Lavigerie alikuwa amekwishaliona tatizo. Mapadre hawashiki silaha. Mtakatifu Thomas anaeleza katika swali lile lile tulilokuwa tunasoma kwa nini mkono unaotolea sadaka altareni haufai kumwaga damu. Lakini njia ya Tabora ilikuwa na rugaruga, na misafara iliyopita bila ulinzi iliporwa. Lavigerie akawageukia wale aliowajua kuwa askari na Wakatoliki kwa pamoja: Wazuavu wa zamani wa Papa. Tuseme ukweli, jaribio hili kwa sehemu kubwa halikufaulu. Baadhi walikufa kwa homa, wengine walishindwa nidhamu, na mapadre waliandika malalamiko mengi juu yao. Walikuja wakiwa na picha ya vita vya msalaba vichwani, wakakuta kazi ya kulinda mizigo ya shanga na nguo. Joubert, aliyeondoka na msafara wa mwaka 1880, alikuwa wa pekee kwa sababu hiyo moja: alikuwa tayari kulinda shanga. Alitembea kutoka pwani, takriban kilometa 1,200, akavuka ziwa na kukaa upande wa magharibi, Masanze na baadaye Kibanga, hadi mwaka 1885 alipokwenda Ulaya.

Angeweza kubaki. Lakini mwaka huo huo jambo jipya lilitokea. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, baada ya kupewa Kongo na mataifa ya Ulaya, aliamua kuacha vituo viwili vya ziwani vilivyoanzishwa na Wabelgiji: Karema, upande wetu, iliyoanzishwa na Kapteni Cambier 1879, na Mpala, karibu mkabala wake ng'ambo, iliyoanzishwa na Luteni Storms 1883. Vyote viwili walikabidhiwa Mapadre Weupe. Walirithi kuta, bunduki, askari na maadui. Huyu Storms alikuwa amemshambulia chifu Lusinga mwaka 1884, mtu aliyekuwa mteka watumwa kweli, akaamuru auawe, na fuvu lake likasafirishwa hadi Ubelgiji. Wamisionari walirithi pia kumbukumbu ya jambo hilo kwa wenyeji. Tunalitaja kwa sababu wanaosimulia habari za Mpala mara nyingi huanza na Joubert, kana kwamba watu wa pale hawakuwa na sababu ya kumwogopa Mzungu mwenye bunduki.

Lavigerie, sasa Kardinali, aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na alihitaji mtu wa kuushikia upanga. Joubert aliomba kurudi. Mwisho wa mwaka 1886 alikuwa Karema, na Machi 1887 alivuka kwenda Mpala, akiwa na wajibu wa ulinzi na uamuzi wa kesi, ili mapadre wabaki na Injili.

Hapo ndipo linapoanza swali lenyewe la vita. Tulitazama ramani tukajaribu kujiweka mahali pake. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670. Nyuma ya Mpala inapanda milima ya Marungu. Washambuliaji walikuja kwa njia mbili: kwa majahazi na mitumbwi kutoka Ujiji na vituo vingine vya pwani ya ziwa, au kwa miguu kutoka nyanda za juu, vikundi vya watu ishirini, hamsini, mia, wenye magobori, waliotafuta vijiji visivyo na ulinzi. Hawakutaka kupigana na Joubert. Walitaka watu na chakula, na kama wangeweza kuvipata bila kumwona, ilikuwa afadhali. Nyuma yao, lakini, palikuwa na nguvu kubwa zaidi. Muhammad bin Khalfan, mzaliwa wa Lindi, mshirika wa Tippu Tip, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa ameifanya Ujiji makao yake na angeweza kukusanya mamia ya bunduki kama angeamua kuifuta Mpala.

Basi Joubert afanye nini na askari wake wachache? Akiwakusanya wote ndani ya boma na kuwafundisha kupanga mstari na kupiga kwa amri moja, atakuwa tayari siku Rumaliza akija na jeshi zima. Lakini katika kuingoja siku hiyo vijiji vinavyomzunguka vitaisha kimoja kimoja, na boma litabaki likilinda watu waliomo bomani tu. Akiwatawanya vijijini, kumi hapa, kumi kule, atawazuia watekaji wadogo, na siku jeshi likija atakuwa Lamoricière wa pili.

Hatukupata kwamba aliwahi kuandika kanuni juu ya hili. Alichofanya kinaonekana katika mambo yenyewe. Kwanza, hakubaki ndani ya kuta za Mpala. Alihamia Mrumbi, upande wa kusini, akajenga makao aliyoyaita Mtakatifu Luis, mahali panapokabili njia za watekaji. Pili, askari wake walikuwa wanaume wa pale pale na watumwa waliokombolewa, waliokuwa na mashamba na wake na watoto katika eneo lile. Aliwafundisha gwaride la Kizuavu, kweli, kwa sababu mtu asiyezoea kusikiliza amri hukimbia mlio wa kwanza. Lakini walikuwa walinzi wa nyumba zao, na habari ziliwafikia kupitia kwa shemeji na wajomba kabla ya mlinzi wa boma kuona moshi. Majambazi wa milima ya kusini ya Roma walikuwa wamemfundisha kwamba kapteni ambaye wakulima hawamwambii kitu ni kipofu. Tatu, alikwenda haraka. Kikosi chake kilipopata habari ya kundi lililoteka watu, kililifuata kabla halijafika majahazini, kwa sababu mtumwa akishavuka ziwa ni vigumu kumrudisha.

La nne si la kijeshi, lakini tunaona ndilo lililoshika mengine yote. Februari 1888 alifunga ndoa kanisani na Agnes Atakao, mwanamke wa huko huko ziwani. Wazungu wengi wa vituo vya wakati ule waliishi na wanawake wa Kiafrika bila ndoa na kuwaacha mkataba ulipokwisha. Joubert alioa kwa sakramenti, akapata watoto, akalima. Tangu hapo hakuwa tena askari aliyetumwa mahali. Alikuwa mkwe wa mahali. Watu wanaofundisha habari za vita vya msituni siku hizi hutumia maneno mengi kueleza namna ya kupata imani ya raia. Yeye alikuwa na mama mkwe.

Hata hivyo miaka ya 1888 hadi 1891 ilikuwa migumu sana, na kwa sababu za mbali. Pwani yetu iliinuka dhidi ya Wajerumani chini ya Abushiri, na njia ya misafara ikafungwa. Baruti na risasi hazikufika. Wakati huo huo Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya tangu Julai 1888 kuhubiri dhidi ya biashara ya watumwa, baada ya Papa Leo XIII kuandika barua yake juu ya utumwa mwezi Mei, na matokeo yake yakawa Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890. Mkutano ule ulipiga marufuku silaha kuingizwa Afrika ya kati ovyo. Ilikuwa hatua njema, lakini ziwani watekaji walikuwa na magobori yao tayari. Maaskofu nao walikufa mmoja baada ya mwingine: Charbonnier mwaka 1888 huko Karema, Bridoux mwaka 1890, hadi alipokuja Lechaptois aliyedumu. Katika hali hiyo Joubert alishikilia kipande cha pwani kwa watu wachache na risasi za kuhesabu, na vijiji vilivyokimbilia kwake viliongezeka, kila kimoja kikileta vinywa vya kulisha na mpaka mpya wa kulinda.

Oktoba 1891 alifika Kapteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa cha nchi yake, na akajenga kituo kaskazini zaidi karibu na mto Lukuga, kikaitwa Albertville, Kalemie ya leo. Sasa Rumaliza aliona jambo ambalo hakuliona kwa Joubert peke yake: dola linakuja. Mwaka 1892 watu wake waliizingira Albertville, na badala ya kushambulia na kukimbia walijenga boma lao la miti minene karibu na la Jacques na kukaa. Vita vikabadilika sura. Agosti mwaka ule msafara wa Delcommune, uliokuwa ukirudi kutoka Katanga, uliungana na Jacques, na Joubert akaja na watu wake kusaidia. Walilishambulia boma. Walishindwa. Hawakuwa na mzinga, na watu waliokuwa hodari wa kumfuata mtekaji porini usiku hawakuweza kufanya lolote mbele ya magogo yaliyosimikwa ardhini na bunduki zikitoka katika matundu. Boma lile liliachwa tu mwanzoni mwa 1893, wakati msaada mpya wa Wabelgiji ulipokaribia ukiwa na mzinga.

Hapa tulibishana tena sisi kwa sisi. Wapo waliosema kwamba Joubert alikosea kutojiandaa kwa vita vya boma na mizinga, maana alijua tangu Porta Pia mzinga unafanya nini kwa ukuta. Wengine wakasema mzinga mmoja na baruti yake ungehitaji wapagazi wangapi kutoka pwani, na ungekula chakula cha vijiji vingapi, na katika miaka mitano ya kuungojea watoto wangapi wangekuwa wamekwishauzwa Ujiji? Mwandishi wa makala hii yuko upande wa hao wa pili, ingawa si kwa furaha. Mwenye kidogo huchagua atashindwa wapi. Joubert alichagua kuwa dhaifu mbele ya jeshi kubwa lililoweza kuja ili asiwe dhaifu mbele ya vikundi vidogo vilivyokuja kila mwezi. Jeshi kubwa lilipokuja, alihitaji kuokolewa na wengine.

Swali hili halijazeeka. Jeshi letu la Wananchi lilimkabili Idi Amin mwaka 1978 na 1979 katika vita vya jeshi kwa jeshi, vya mizinga na mapambano ya mipakani, likafika Kampala. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda kikosi cha kuingilia kati mashariki ya Kongo, askari wetu, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, walipigana kwanza na M23, waliokuwa karibu na jeshi kamili, kisha wakabaki na vikundi vya msituni visivyo na mstari wa mbele. Desemba 2017, huko Semuliki, zaidi ya askari kumi wetu waliuawa katika kambi yao kwa shambulio la usiku mmoja. Parokia zetu zina wazazi wa vijana wa kazi hiyo. Kwao uwiano kati ya vita vya aina mbili si mada ya darasani.

Turudi Mpala. Nguvu ya Rumaliza ilivunjwa Januari 1894 na majeshi ya Dola Huru la Kongo, yaliyokuwa yamekwishaiteka Nyangwe na Kasongo mwaka uliotangulia, naye akakimbilia upande wa Wajerumani. Lazima tuseme mambo mawili hapa kwa haki. La kwanza ni juu ya majirani zetu. Biashara ya watumwa haikuwa dini ya mtu. Wengi wa rugaruga hawakuwa Waislamu, machifu wengi waliwauza watu wao wenyewe, na watumwa wengi waliotoka pwani yetu katika karne ile na iliyotangulia walinunuliwa na Wafaransa Wakatoliki kwa mashamba yao ya miwa huko Bahari ya Hindi. Mjukuu wa mtu wa Ujiji hana la kuomba radhi kwa mjukuu wa mtu wa Saint-Herblon.

La pili ni chungu zaidi. Dola lililokuja kumwokoa Joubert lilikuwa la Leopold. Jeshi lake liliwashinda watekaji kwa kuwaandikisha watu kwa nguvu, likachukua mpira kwa bunduki na kiboko, na askari wake wenyewe wakaasi mwaka 1895 na tena 1897, uasi ulioutisha upande wa magharibi wa ziwa hadi mwisho wa karne. Joubert hakuwa mtu wa mpira. Lakini kwa miaka alifungua mlango, na hakuchagua ni nani angepita. Tukirudi kwa masharti ya Mtakatifu Thomas, sababu yake ilikuwa ya haki bila shaka, na nia yake, kwa kadiri mtu anavyoweza kuhukumu nia, ilikuwa njema. Sharti la mamlaka ndilo linalotusumbua. Nani alimpa? Kardinali wa Algiers hakuwa mtawala wa Marungu. Leopold alikuwa amepewa nchi na watu wasioimiliki. Wapo machifu waliomwomba awalinde, na sisi tunadhani kama alikuwa na mamlaka yoyote ya kweli, ilitoka huko, kwa watu waliokimbilia Mrumbi na watoto wao mgongoni. Mwalimu wetu hakukubali jibu hili. Alisema ombi la ulinzi si sawa na kukabidhi utawala. Bado tunalifikiri.

Lavigerie mwenyewe alijaribu mwaka 1891 kuanzisha ndugu wenye silaha huko Sahara, na mwaka uliofuata shirika hilo likavunjwa. Baada yake Kanisa halikurudia. Joubert naye, dola lilipojiimarisha ziwani, aliiweka chini kazi ya utawala na ya bunduki taratibu. Akabaki na familia, mashamba, na kufundisha katekisimu. Ugonjwa wa malale ulipowamaliza watu wa Mrumbi, karibu mwaka 1910, alihamia Misembe, jirani na misioni ya Baudouinville, Moba ya leo.

Vita vya majeshi makubwa vilimfuata hata huko. Mwaka 1915 Wajerumani waliizindua meli ya Graf von Götzen hapa Kigoma, ile ile tunayoiita Liemba, na Waingereza wakavuta mashua mbili za vita kwa nchi kavu hadi Lukuga. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe na Wabelgiji wakaingia Kigoma. Mzee wa miaka sabini na minne aliyekuwa Misembe alikuwa ameanza uaskari wakati wa farasi. Safari hii hakuna aliyemhitaji.

Mpala ilikuwa imekwishapata kazi nyingine. Mwisho wa karne ya 19 mapadre walifungua hapo seminari ndogo, na miongoni mwa vijana wa Marungu waliosomea huko alikuwa Stefano Kaoze, aliyezaliwa karibu na wakati ule Joubert alipokuwa anakuja kuilinda nchi hiyo. Tarehe 21 Julai 1917 Kaoze alipewa daraja la upadre Baudouinville, padre wa kwanza Mkongo wa zama hizi. Joubert aliishi miaka kumi zaidi jirani na misioni ile. Alifariki Misembe tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka themanini na mitano, na hakuwa ameiona Ufaransa tena tangu aondoke mwaka 1886.